Fomu imeshaondoka, kosa limebaki

Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Januari mosi ni siku ya kuzaliwa ya watu wengi kuliko wodi yoyote ya wazazi ingeweza kuwapokea. Mkongomani aliyevuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 alifika mezani kwa karani, akaulizwa amezaliwa lini, akajibu kwa kadiri alivyojua: mwaka fulani hivi, wakati wa mavuno ya mpunga, kabla ya mdogo wake aliyefariki. Karani alikuwa na foleni ya mamia mlangoni. Akakisia mwaka, akaandika 01/01, akamwita mwingine.

Pale mezani hakuna aliyedanganya. Lakini tarehe ile ilianza safari yake. Kutoka kadi ya chakula ikaingia katika faili la UNHCR, kutoka faili ikaingia katika karatasi za ndege, ikapokewa uwanjani Marekani, ikachapwa kwenye leseni ya udereva na kwenye kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu. Miaka mitano baadaye mtu yuleyule amekaa sebuleni Louisville au Des Moines, mbele yake kuna fomu inayoitwa N-400, yaani maombi ya uraia, na kijana wake aliyekulia huko ndiye anayechapa. Kijana anauliza: "Baba, tarehe ya kuzaliwa niweke ile ya kweli au ile ya makaratasi?"

Swali hilo linaulizwa sana siku hizi, na sababu yake ni hesabu tu. Katika mwaka wa fedha wa 2016, Wakongomani ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote miongoni mwa wakimbizi waliopokewa Marekani, zaidi ya 16,000. Sheria ya huko inamtaka mkaazi wa kudumu atimize miaka mitano kabla ya kuomba uraia, na kwa mkimbizi miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoshuka kwenye ndege. Wimbi lile sasa limefika kwenye fomu. Na kwa kuwa wengi wao hawakusoma kwa Kiingereza, fomu inajazwa na mtoto wa sekondari, na kijana wa kanisani aliyepata muda baada ya ibada, au na mtu wa mtaani anayedai dola mia moja na hataki jina lake lionekane popote. Sheria inamtaka yeyote anayemjazia mwenzake aandike jina lake na kutia saini. Anayekataa kusaini ana sababu zake, na si nzuri.

Kisha fomu inaondoka. Tangu Aprili 2024 ada ni dola 760 kwa fomu ya karatasi na dola 710 kwa anayeomba mtandaoni, ingawa wenye kipato kidogo hulipa 380, na maskini zaidi wanaweza kuomba wasamehewe kabisa. Wiki mbili baadaye, usiku, mtu anapitia nakala yake na kuona mwaka wa ndoa umeandikwa 2004 badala ya 2006. Au safari ya kwenda Nairobi kumzika mama imesahaulika kabisa. Hapo ndipo usingizi unapokatika, maana chini ya saini yake pameandikwa kwamba ameyathibitisha yote kwa kiapo, na kwamba mwongo atashtakiwa.

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Juni 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa waraka ikiwaelekeza mawakili wake kuzipa kipaumbele kesi za kuwavua watu uraia walioupata kwa udanganyifu. Habari ya namna hiyo ikishapita kwenye makundi ya WhatsApp mara tatu, inafika ikiwa imenona: sasa mtu anavuliwa uraia kwa kukosea namba ya nyumba.

Sheria haisemi hivyo, na ushahidi mzuri uko katika mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Aprili 2017 majaji walikuwa wakisikiliza kesi ya Divna Maslenjak, mkimbizi kutoka Bosnia aliyedanganya kuhusu utumishi wa kijeshi wa mumewe. Serikali ilishikilia kwamba uongo wowote, mdogo au mkubwa, unatosha kumwondolea mtu uraia. Jaji Mkuu John Roberts akasema kwamba zamani, muda wa kumshtaki ukiwa umeshapita, aliwahi kuendesha gari kwa maili 60 kwa saa mahali palipoandikwa 55, na hakukamatwa. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa nalo. Je, mtu asipoliandika hilo, miaka 20 baadaye mtagonga mlango wake na kumwambia yeye si raia tena? Wakili wa serikali hakuweza kujinasua, ikambidi akubali. Juni mwaka huohuo majaji wote kwa kauli moja waliikataa hoja ya serikali: uongo unaomvua mtu uraia ni ule uliochangia kuupata.

Kuna kesi nyingine ya zamani inayowahusu watu wa Januari mosi kwa karibu zaidi. Juozas Kungys, Mlithuania, alikuwa ameandika tarehe na mahali pa kuzaliwa visivyo vya kweli, kwanza katika maombi ya viza na baadaye katika maombi ya uraia. Mwaka 1988 mahakama hiyohiyo ya juu ya Marekani ilisema haikuonyeshwa kwamba tarehe hiyo na mahali hapo, kwa vyenyewe, vingeweza kubadilisha uamuzi. Si kwamba majaji walihalalisha kudanganya. Walichosema ni kwamba kuna jambo lenye uzito na jambo lisilo na uzito, na tena kwamba kusema uongo kwa kusudi la kupata haki fulani ni tofauti na kuteleza. Tofauti hiyo ndiyo inayomlinda mama aliyekosea mwaka wa ndoa. Inamlinda, ilmradi hakukaa kimya makusudi alipopewa nafasi ya kusema.

Nafasi hiyo ipo, na imewekwa rasmi. Inaitwa usaili.

Chumba chenyewe ni ofisi ya kawaida: meza, kompyuta, viti viwili, pengine bendera ndogo. Mwombaji anaingia, anaambiwa asimame, anyanyue mkono wa kulia, aape kusema kweli. Akishakaa, afisa anaifungua ile fomu iliyotumwa miezi kadhaa nyuma na kuipitia naye ukurasa kwa ukurasa, akiuliza kwa sauti: jina, anwani, kazi, safari, watoto. Mazungumzo hayo yenyewe ndiyo mtihani wa kuongea Kiingereza, kwa hiyo wengi wanaogopa matamshi yao na kusahau kwamba palepale ndipo mahali pa kurekebisha. Mwombaji akisema, "Samahani, hapa kuna kosa, ndoa ilikuwa 2006," afisa hashtuki. Kwenye faili la karatasi anakata 2004 kwa kalamu nyekundu, anaandika 2006 juu yake, na pembeni anaweka namba: 1. Kosa la pili linapata namba 2. Siku hizi mengi yanafanyika kwenye kompyuta na saini inawekwa kwenye kibao cha kielektroniki, lakini utaratibu ni uleule. Mwishoni kuna mahali mwombaji anaposaini tena, na maneno ya pale yanasema kwamba anaapa yote yaliyomo ni kweli, pamoja na masahihisho namba 1 hadi namba fulani.

Fikiria maana ya sentensi hiyo. Waliotunga fomu walijua kabisa kwamba watu watakosea, wakaacha nafasi ya kuhesabu makosa. Faili lisilo na wino mwekundu hata tone ni adimu kuliko watu wanavyodhani.

Aliyeomba mtandaoni hana haja ya kungoja hadi siku hiyo. Fomu iliyokwisha kutumwa haifunguliwi tena ikaandikwa upya, lakini akaunti yake ina mahali pa kupakia nyaraka za ziada hata kama hazijaombwa. Barua fupi inatosha: namba ya maombi, ukurasa, kilichoandikwa, kilichopaswa kuandikwa, saini na tarehe. Kisha nakala ya barua hiyo inaingia kwenye bahasha ya siku ya usaili, maana barua kuwemo kwenye mfumo si sawa na afisa kuisoma. Kama kosa ni la idara ya uhamiaji yenyewe, mathalani risiti imekuja na jina lililopungua herufi, idara ina ombi maalumu la makosa ya uchapaji kwenye tovuti yake, bila malipo.

Kinachowaumiza watu ni dawa wanazojitibu wenyewe. Wapo wanaotuma fomu ya pili "iliyo safi", wakalipa ada upya na kuwa na mafaili mawili yanayopingana. Wapo wanaofuta maombi. Na wapo, hawa ndio wengi, wanaoamua kulipigania kosa: kwa kuwa fomu ilisema 2004, basi hata kwa mdomo watasema 2004, wasije wakaonekana vigeugeu. Yaani mtu anachukua mteleziko usio na dhambi na kuugeuza kuwa uongo chini ya kiapo, kwa woga wa kuonekana mwongo.

Makosa yenyewe yana asili zake, na ukiyachunguza unaona kwamba mengi si uzembe. Wamarekani wanatanguliza mwezi kabla ya siku. Aliyezaliwa tarehe 7 Machi, akiandika 07/03 kama alivyofundishwa shuleni, kwa afisa amezaliwa Julai. Kosa hili lina hila yake: siku ikizidi 12 fomu itakataa au msomaji atashtuka, lakini chini ya hapo linapita kimya hadi karatasi mbili zikutanishwe. Cheti cha ndoa cha Kigoma kinasema hivi, fomu inasema vile, na waandishi wote wawili wamenakili kwa uaminifu.

Majina ni msitu mwingine. Mkongomani kwa kawaida ana jina, jina la pili linalofuata, na jina la ubatizo. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kizungu, kwa hiyo mzee wa umri fulani anaweza kuwa Jean parokiani na asiwe Jean serikalini. Watoto wa tumbo moja, Kongo na Burundi vilevile, mara nyingi kila mmoja ana jina lake la mwisho. Ukiwapanga watu hao kwenye visanduku vya fomu ya Kimarekani, vinavyodhani kila nyumba ina jina moja la ukoo, utapata kaka na dada wasioonekana kuwa ndugu. Ongeza makarani: Rehema anakuwa Lehema, Mwajuma anapoteza herufi, Ndayishimiye anakatwa kwa sababu nafasi imeisha. Bahati nzuri fomu inauliza majina mengine yote ambayo mwombaji amewahi kutumia tangu kuzaliwa, na hapo ndipo pa kuyamwaga yote, hata yale yaliyokosewa na karani. Wengi wanaacha wazi kwa kudhani wanaulizwa majina ya bandia ya wahalifu.

Safari zinasumbua wanaojiweza zaidi, Wakenya na Watanzania waliokwenda kwa bahati nasibu ya viza au kwa ndoa na sasa wana nauli ya kurudi nyumbani kila Desemba. Kila safari ya nje iliyozidi saa 24 katika miaka mitano inatakiwa iandikwe. Mihuri ya pasipoti imefifia, na mipaka mingine ya nchi kavu haikugonga muhuri wowote. Kukosea kwa siku moja au mbili kunarekebishwa mezani. Kusahau safari ya miezi saba ni habari tofauti, kwa kuwa safari inayozidi miezi sita inatia shaka kama mtu aliendelea kuishi Marekani.

Anwani si ya kungoja usaili. Aliyehama anatakiwa aiarifu idara ndani ya siku 10, la sivyo barua ya mwito inakwenda kwenye nyumba ya zamani, mpangaji mpya anaitupa, na faili linafungwa kwa sababu mwombaji hakutokea. Anaweza kuomba lifunguliwe tena ndani ya mwaka mmoja, ikiwa amejua kwamba limefungwa.

Yako mambo yanayofanana na kosa dogo lakini siyo. Kutuma maombi mapema ni mojawapo: inaruhusiwa kutangulia siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia, na aliyetangulia siku 91 anakataliwa na ada hairudi. Kusajiliwa kwenye daftari la wapigakura kabla ya uraia ni jingine, na linawapata watu wasio na nia yoyote, kwa kuwa ofisi za leseni za udereva nazo husajili wapigakura na mtu anajibu ndiyo kwa swali asiloelewa. Hapo si mahali pa kujitetea peke yako. Atafutwe wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao hupatikana katika mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi na hutoza kidogo.

Na kuna watoto. Mama aliyekimbia na watoto wake wanne na wawili wa marehemu dada yake aliwaandikisha sita kwenye kadi ya chakula, na hakuna mtu wa Uvira wala Kasulu ambaye angemwona mwongo. Miaka inapita, anajaza fomu Kentucky, inauliza ana watoto wangapi walio chini ya miaka 18, na fomu inamaanisha wa kuzaa, wa kambo, au aliowaasili kisheria. Akijibu wanne, faili la kambini linasema sita. Akijibu sita, damu inasema wanne. Serikali ya Marekani ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Mwaka 2008 ilijaribu vipimo vya vinasaba kwa waombaji wa kuungana na ndugu zao, ikianzia Nairobi. Familia nyingi hazikuthibitika, wengine hawakutokea kupimwa, na mpango mzima ukasimamishwa hadi 2012. Udanganyifu ulikuwepo, sina shaka. Lakini sitaki kuamini kwamba kila aliyeanguka pale alikuwa mfanyabiashara wa watoto. Wengine walikuwa mashangazi waliofanya lile ambalo shangazi hufanya. Ushauri wanaopewa na mawakili ni kuieleza hali yote kwa maandishi, kwa Kiingereza kilichonyooka, kabla ya afisa kuiibua mwenyewe.

Turudi kwa yule kijana mbele ya kompyuta, maana swali lake lina saa inayokwenda. Hadi siku ya kiapo, tarehe ya kuzaliwa inajadilika: mwombaji analeta ushahidi, afisa anaupima, anakubali au anakataa. Baada ya kiapo mlango unafungwa. Kanuni za Marekani zinaruhusu kusahihisha hati ya uraia pale idara ilipokosea kuchapa, kwa fomu N-565, lakini zinasema wazi kwamba mtu aliyeapa uraia kwa tarehe fulani hawezi baadaye kuja kusema kwamba haikuwa hiyo. Jina lina nafuu: mwombaji anaweza kuomba libadilishwe pamoja na uraia, na akiapishwa mbele ya jaji, jaji atalitia saini jina jipya. Tarehe haina jaji wa namna hiyo.

Hili lina bei yake. Kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, pensheni kamili ya Social Security inaanza ukiwa na miaka 67. Mtu aliyezaliwa 1968 lakini karani akamkisia 1975 atasubiri hadi 2042 badala ya 2035, miaka saba zaidi ya kusimama kwenye mkanda wa kiwanda cha nyama, kwa sababu ya kalamu moja iliyokuwa na haraka Kasulu. Wapo wanaoamua kuiacha tarehe ya makaratasi ilivyo, kwa hoja kwamba kila karatasi tangu kambini inasema hivyo na kuibadilisha kutaamsha maswali. Wakati mwingine hoja hiyo ni ya busara, hasa kama ushahidi wa tarehe ya kweli ni kumbukumbu ya mjomba tu. Sioni busara yake pale ambapo cheti kipo na miaka iliyopotea ni mingi.

Cheti chenyewe mara nyingi kiko huku kwetu. Ndiyo sababu simu inalia Kigoma, Bujumbura au Bukavu, sauti ya ndugu wa Marekani ikiomba: "Dada, nenda parokiani, waulize kama daftari la ubatizo la miaka ile lipo." Kama lipo, paroko aandike upya cheti, apige muhuri, na picha yake itumwe leo, karatasi ifuate. Kikiwa kwa Kiswahili au Kifaransa lazima kiambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye saini ya mfasiri, akithibitisha kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili. Si lazima mfasiri awe na ofisi wala leseni. Mpwa anayesoma chuo anaweza kuifanya. Mwombaji mwenyewe ndiye asijitafsirie.